Volti Hasi za Twin Reverb: Madai Yasiyosimama

Wenye Twin Reverb za Fender za miaka ya 1970 wanarithishana madai kuhusu saketi ya bayasi, ile inayopeleka volti hasi kwenye gridi za vali nne za 6L6GC ili mkondo usipite kiasi. Madai hayo yanaua vali, na pengine transfoma pia.

"Kirekebishi cha kiwandani kinatosha." Hakitoshi. Kazi yake ni kusawazisha tu: ukikizungusha, upande mmoja unaongezewa volti hasi na mwingine unapunguziwa, na mngurumo hushuka mkondo wa pande mbili unapolingana. Kiwango chenyewe hakikiweki. Vali zote nne zinaweza kulingana vizuri kabisa huku anodi zake zikiiva nyekundu.

"Nunua vali zilizolinganishwa, usiguse kingine." Zimelinganishwa zenyewe kwa zenyewe, si kwa amplifaya yako. Anodi ya 6L6GC hustahimili wati 30, na mafundi wengi hawavuki asilimia 70 amplifaya ikiwa imetulia, yaani wati 21. Kwa volti 450 kwenye anodi, hiyo ni takriban miliampea 46 kwa kila vali. Hiyo ndiyo dari, hulazimiki kuifikia. Unganisha rizista ya omu 1 kati ya kathodi na chesisi, kisha pima: milivolti 1 ni miliampea 1. Bila kipimo hicho, ni kubahatisha.

"Bayasi ya moto ndiyo siri ya sauti." Si kwa Twin. Amplifaya hii inapendwa kwa sauti safi yenye nguvu. Mkondo mwingi hufupisha maisha ya vali na kuongeza joto.

"Kubadilisha saketi ni kuharibu urithi." Dai hili nalielewa, kwa sababu nami naumia nikiona chesisi ya zamani imetobolewa ovyo. Lakini Twin Reverb za katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa na kirekebishi cha kiwango. Ukikiweka, unarudia usanifu wa Fender wenyewe. Hakuna haja ya kutoboa, na rizista zilizotolewa zihifadhiwe kwenye bahasha kwa mmiliki ajaye. Hatari ya kweli iko kwingine: mguso wa kati wa kirekebishi ukikatika, gridi hupoteza volti hasi na vali huungua. Basi ongeza rizista kutoka mguso huo hadi upande wenye volti hasi nyingi zaidi, ili hitilafu ikitokea vali zibanwe badala ya kuachiwa.

Kabla ya yote, badilisha kapasita ya bayasi, kwani ya umri huo huwa imekauka. Upande wake chanya huenda kwenye chesisi, na wengi huigeuza. Kapasita kubwa nazo zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa imechomolewa. Kama hujawahi kuzimaliza umeme kwa usalama, tafadhali mpe fundi anayejua.