Tumbo la Januari

Mwishoni mwa Januari, wakati uwele umekwisha kuchipua mashambani na barabara ya kutoka Dodoma mjini kwenda Mvumi ina madimbwi kila hatua, hufika zahanati mtoto wa miaka sita au saba anayeumwa tumbo. Mhudumu yeyote aliyefanya kazi miaka michache katika vijiji vya Ugogo anamjua mtoto huyu. Maumivu huanza alfajiri, kabla ya uji. Mtoto hushika kitovu, hulia, pengine hutapika mara moja. Kufikia saa nne maumivu yamekwisha, naye yuko nyuma ya nyumba akikimbizana na ndugu zake. Jumamosi haumwi. Jumapili mchana ni mzima. Jumapili jioni huanza kunyamaza.

Kwa kawaida hupimwa choo, mkojo na damu. Kikionekana chochote kinachofanana na jibu, hupewa dawa ya minyoo, au ya maambukizi ya njia ya mkojo, au ya homa ya matumbo kwa kutegemea kipimo cha Widal, ambacho peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa huo. Baada ya wiki moja anarudi na tumbo lile lile. Liko swali moja ambalo huulizwa kwa nadra: mtoto alianza shule lini? Akiulizwa, mama hujibu bila kusita kwamba shule ilifunguliwa mapema mwezi huo, lakini wao walikuwa bado kwa bibi, au nauli ya kurudi ilikuwa haijapatikana, au walikuwa wamehamia shambani Kiteto. Mtoto ana siku tano tu darasani, na wenzake wana wiki tatu.

Siku za kwanza za shule zinastahili kuhesabiwa kuwa jambo la afya ya mtoto, kama zilivyo chanjo na uzito wake. Likizo ya familia inapozimeza, sehemu ya gharama yake hulipwa hospitalini bila kutambuliwa. Na huduma za afya zenyewe, kama itakavyoonekana, hazijatakata mikono katika jambo hili.

Wakati ndio chanzo cha mgongano. Katika nchi nyingi za Ulaya mwaka wa shule huanza Septemba, joto linapopungua na familia zikiwa zimekwisha kurejea nyumbani. Tanzania huanza Januari, mara tu baada ya Krismasi na Mwaka Mpya, siku chache kabla au baada ya Sikukuu ya Mapinduzi ya tarehe 12. Ndicho kipindi ambacho watoto wa Wagogo walioko Dar es Salaam, Morogoro na kwingineko hurudi kwa wazazi wao, na mabasi hujaa kwenda na kurudi. Kwa Dodoma liko la ziada. Mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiasi chake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Mvua ikikukuta hujapalilia, hakuna vuli wala masika nyingine ya kukufidia. Kwa hiyo kile kiitwacho likizo, kwa familia nyingi za Mvumi, ni palizi. Mtoto wa miaka sita halimi sana, lakini hukaa chini ya mbuyu akimshika mdogo wake ili mama apate mikono miwili ya kushika jembe. Kumwita mama huyo mzembe ni kutojua njaa ya Ugogo.

Hata hivyo, kinachopotea ni kikubwa kuliko idadi ya siku zenyewe. Mtoto aingiapo darasa la awali au la kwanza hafundishwi kusoma siku ile. Hufundishwa mahali pa kukaa, mahali choo kilipo, namna ya kuomba ruhusa, jina la mwalimu, wimbo wa kupanga mstari. Kwa mtoto wa Mvumi aliyekulia katika Kigogo, aliyezoea kuamkiwa «mbukwenyi», hizo ndizo siku anazosikia Kiswahili cha amri kwa mara ya kwanza: simama, kaa, fungua, toka nje. Mwalimu huyasema hayo kwa kuimba na kuigiza, kwa sababu anajua hawajaelewa. Kufikia wiki ya nne haigizi tena. Serikali inakusudia mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa elimu ya awali na 45 wa shule ya msingi, lakini wanaoyajua madarasa ya vijijini wanajua jinsi hesabu hiyo inavyozidiwa. Mtoto anayechelewa huingia katika kundi ambalo kila mmoja ana jirani yake wa dawati na kila mmoja anajua kicheko kinaanza wapi. Yeye peke yake ndiye hajui. Tumbo humuuma kweli. Hadanganyi, na anayemwambia anadanganya humwongezea maumivu. Wasiwasi hubana misuli ya utumbo na hufanya neva za tumbo zihisi kwa ukali mambo ambayo siku nyingine zisingeyahisi.

Tahadhari ni lazima hapa, maana tumbo la wasiwasi ni hitimisho linalofikiwa baada ya kumpima mtoto kwa makini. Maumivu yanayomwamsha usingizini, yanayokaa mbali na kitovu, kupungua uzito, homa, damu kwenye choo, matapishi ya kijani, au tumbo lililo gumu linapobonyezwa, yote hayo ni ya hospitali na yasisubiri kisa cha shule. Bali mtoto anayekua vizuri, ambaye tumbo lake linaijua kalenda, anahitaji mazungumzo na mwalimu kuliko anavyohitaji antibayotiki. Na asibakizwe nyumbani «mpaka apone», kwa kuwa kila siku ya nyumbani huifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Apelekwe, mzazi akae naye kidogo siku mbili tatu za mwanzo, kisha aage waziwazi na kuondoka. Wazazi wengi hutoroka mtoto akiwa ametazama pembeni, kwa huruma. Mtoto hujifunza kutokana na hilo kwamba akigeuza macho mama hutoweka.

Wako watoto ambao kwao kuchelewa ni jambo zito kuliko hilo. Mtoto mwenye kifafa huondoka Desemba na dawa za mwezi mmoja. Likizo inarefuka, dawa zinakwisha kwa bibi ambako zahanati iko mbali, au zinagawanywa nusu nusu ili zifike. Fenobabito haikatizwi ghafla. Ikikatizwa, degedege hurudi, mara nyingine kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo mtoto huanguka katika juma lake la kwanza darasani, mbele ya watoto wasiomjua bado kwa jina. Kuanzia hapo jina lake ni ugonjwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alipowahudumia wenye kifafa huko Mahenge, alikuta watu wakiogopa kuwagusa kwa kudhani ugonjwa huambukizwa kwa mate. Hofu hiyo haijatoweka, na Ugogo wanaijua. Mwanafunzi aliyekwisha kuwa na marafiki wanne huanguka na marafiki hao hubaki. Mgeni akianguka, dawati lake hubaki na mtu mmoja. Mwalimu naye aambiwe mapema: amlaze mtoto ubavu, asimtie kitu mdomoni, asimbane viungo, atazame saa, ikipita dakika tano atafute msaada wa hospitali.

Vivyo hivyo kwa mwenye selimundu, ambaye safari ndefu bila maji ya kunywa humchokozea maumivu ya mifupa, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, ambaye huko aendako pengine hakuna jokofu na anahitaji kufundishwa kuihifadhi ndani ya chungu cha udongo chenye unyevunyevu.

Kuna pia malaria. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo ya malaria nchini, na watoto wake hawana kinga kubwa dhidi yake. Familia ikikaa Krismasi Kilosa, Pwani au Kanda ya Ziwa, mtoto aliyeumwa na mbu mwanzoni mwa Januari huanza homa baada ya siku 7 hadi 14 au zaidi kidogo, yaani wiki ile ile anayoingia darasani. Homa hiyo hudhaniwa kuwa uchovu wa safari, au woga wa shule. Mhudumu wa Mvumi aliyezoea vipimo vyake kurudi vikiwa safi anaweza kushawishika kutopima. Apime.

Nini kifanyike? Uingereza huwatoza wazazi wanaowaondoa watoto shuleni kwa ajili ya likizo, na tangu Agosti 2024 faini hiyo ni pauni 80 ikilipwa mapema. Tanzania nayo ina sheria ya kumwajibisha mzazi kwa mahudhurio ya mtoto. Lakini faini kwa mama anayekimbizana na mvua ni kumpokonya debe la uwele, na haimfanyi mtoto asilie alfajiri. Ada imeondolewa katika shule za msingi za serikali, jambo jema lisilohitaji kupambwa. Kilichobaki kumweka mtoto nje ya darasa wiki za kwanza ni nauli, palizi, na imani kwamba hazina maana. Imani hiyo haikuzuka hewani. Uandikishaji wa darasa la kwanza kwa desturi huachwa wazi hadi mwisho wa Machi, kwa nia njema ya kutomwacha mtoto yeyote, na wazazi wengi wameusoma ukarimu huo kuwa ruhusa.

Likizo yenyewe isilaumiwe. Mtoto wa Dar es Salaam anayejifunza Kigogo kwa bibi yake, anayekula mlenda na kulala uani akihesabu nyota, anapata kitu ambacho hakuna darasa linalokitoa. Shule hufungwa mapema Desemba. Safari inaweza kuanza wiki ile ile badala ya kungojea mkesha wa Krismasi, nauli zikiwa bado hazijapanda na nafasi zikipatikana. Mwajiriwa ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na mwajiri anayempa mzazi wa mtoto wa darasa la kwanza likizo yake Desemba badala ya Februari hapotezi kitu. Mkulima hana likizo ya kuhamisha. Kwake jibu liko kwa jirani: bibi mmoja anayebaki kijijini na watoto wanane wa kaya tatu, huku mama zao wakilala shambani. Mpango huu upo tayari katika vitongoji kadhaa, na unastahili kuungwa mkono kwa unga na maharage kuliko kwa semina. Juma moja kabla ya kufungua, mtoto arudi katika usingizi wa shule, maana wa umri huo anahitaji kati ya saa 9 na 12 kila usiku, na ngoma za sikukuu hazikumpa hata saba.

Na wahudumu wa afya? Desemba kliniki nyingi hupunguza kazi. Wagonjwa wa marudio, waliopangiwa upasuaji usio wa dharura, watoto wa macho, wa kifafa na wa mazoezi ya viungo husogezwa, na huandikiwa «rudi baada ya sikukuu». Baada ya sikukuu ni wiki ya kwanza au ya pili ya Januari. Kwa mtoto atokaye kijiji cha mbali hadi hospitali ya Mvumi, miadi moja hula siku mbili, na siku hizo mbili hutolewa mle mle katika siku ambazo mhudumu huyo huyo, akihutubia kwenye mkutano wa kijiji, huwahimiza wazazi wasimcheleweshe mtoto.

Daftari la miadi la Januari huanza kujazwa Novemba. Tarehe ya shule kufunguliwa hujulikana mapema, na mwalimu mkuu wa jirani anaweza kuitaja kwa simu ya dakika moja. Ikiandikwa kwa wino mwekundu juu ya meza ya miadi, mwenye kifafa atapewa dawa za miezi miwili Desemba badala ya mmoja, mwenye miwani ataitwa kabla ya Krismasi, na mama atakayeambiwa arudi tarehe fulani ataulizwa kwanza, kabla kalamu haijagusa kadi, kama mtoto huyu anaanza shule mwaka huu.