Kisu kimoja, wagonjwa wawili

Leo tuyaweke kando mambo ya wivu na nyumba ndogo, maana kuna kikao nimekishuhudia na mpaka naandika hapa moyo wangu haujatulia.

Shoga yangu jirani ana mimba ya miezi mitano. Alikwenda kupigwa picha ya altrasaundi, akaambiwa mtoto ana mgongo wazi. Usiku uleule shemeji yake aliyeko Marekani akapiga simu: huku mtoto anapasuliwa humohumo tumboni, mleteni! Jumapili ukoo ukajaa sebuleni. Baba mkwe akasema lazima aende. Wifi akasema hizo ni pesa za kiwanja. Mume kainamisha kichwa. Mimi najaza vikombe vya chai, na kadiri ninavyojaza ndivyo ninavyoona kwamba mwenye tumbo lake hakuna aliyemwuliza.

Wasomaji wangu, habari yenyewe si stori ya kijiweni. Mwaka 1963 Dk. William Liley wa New Zealand alimwongezea damu mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mwaka 1981, San Francisco, Dk. Michael Harrison na wenzake walifungua mfuko wa uzazi, wakampasua mtoto ambaye njia yake ya mkojo ilikuwa imeziba, wakamrudisha ndani. Mtoto yule hakuishi, lakini njia ilishafunguka.

Kuhusu mgongo wazi, mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani. Wapo waliopasuliwa kabla mimba haijatimiza wiki 26, na wapo waliosubiri kuzaliwa. Waliohitaji mpira wa kutoa maji kichwani ni 40 kati ya 100 kwa wale wa tumboni, 82 kwa waliosubiri. Walioweza kutembea bila kushikilia kitu wakiwa na miaka miwili na nusu ni 42 kwa 21. Faida ipo, tena kubwa. Lakini piga hesabu vizuri: hata waliopasuliwa mapema, zaidi ya nusu hawakuweza.

Na mama je? Yeye haumwi, lakini kisu kinapita kwake kwanza. Uchungu unaweza kuanza mapema akazaa njiti. Mshono wa mfuko wa uzazi unaweza kuachia. Akishafanyiwa operesheni ya wazi ya namna hiyo, mimba ile na zote zitakazofuata atazaa kwa kisu.

Wapo watakaoniambia, mama gani huyo wa kumwogopea mwanawe kisu? Nami nasema, sadaka ya kulazimishwa si sadaka. Anayekubali tumpe heko. Anayekataa tusimwite katili, kwani mtoto akishazaliwa bado anatibiwa, hata hapa Dar, pale MOI Muhimbili, wanaopasuliwa mgongo wazi na vichwa maji ni wengi.

Basi nikaweka birika chini. "Mwenzangu, wewe mwenyewe unasemaje?"

Akakaa kimya, kisha akasema taratibu: "Nataka daktari anieleze mimi, siyo shemeji kwa simu. Halafu mniambie, nikibaki kwenye kisu, huyu wangu wa kwanza atalelewa na nani?"

Sebule nzima kimya. Wifi mtu akaangalia kucha zake. Mume ndiye aliyeinua kichwa, akasema kesho tunakwenda kwa daktari wawili, mimi na mke wangu, basi.

Watakaloamua sijui, na wala si juu yangu. Ila kwa nyie mnaopanga kubeba mimba, muulizeni daktari habari za vidonge vya foliki asidi mapema, maana uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wetu hata hatujajijua. Havizuii yote, lakini vinapunguza sana.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.