NANI ATALISHA MNYAMA ASIYE NA JINA?



Katika mkutano wa viongozi wa madarasa neno moja liligawanya watu. Nyuma ya jiko letu kuna mbwa jike na watoto wake wanne. Alifika huku Lac Vert pamoja na watu waliokimbia vita, wakati hema zilipojaa pande hizi zote mpaka Mugunga. Mwezi wa Februari 2025 makambi yalivunjwa. Watu walishika njia na mizigo kichwani, mbwa akabaki. Sasa mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza ameumwa na mbwa njiani. Si huyu wa jiko, ni mwingine. Jamaa yake walizunguka mji siku mbili wakitafuta chanjo ya raje, yaani kichaa cha mbwa. Basi wengine katika mkutano wakasema: tutie sumu, maneno yaishe. Wengine wakasema: hapana, tumlishe. Mkutano ulifungwa bila jibu, na jibu litatafutwa tena mwisho wa mwezi huu. Sisi wa gazeti tunapenda kutoa shauri letu mbele ya siku ile.

Kwanza tutazame wale wanyama wanaopata msaada, maana wako, na hawako mbali. Mwezi wa Juni 2007 walinzi wa Virunga walimkuta gorila mtoto, umri wake miezi miwili tu, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Wakamwita Ndakasi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule watu waliua gorila wengine wa jamaa ya Rugendo, pamoja na dume lao Senkwekwe, na mtoto mwingine, Ndeze, akabaki yatima. Wawili hao walilelewa kwanza katika nyumba moja hapa hapa Goma. Kisha kule Rumangabo ikajengwa nyumba ya yatima yenye jina la Senkwekwe. Ndakasi aliishi miaka 14, akafa tarehe 26 Septemba 2021 mikononi mwa mlinzi aliyemlea.

Kule Kasugho, upande wa Lubero, iko nyumba ya GRACE inayolea gorila wa nchi ya chini. Ilianza 2009. Mwaka 2024 majike wanne waliolelewa pale waliachiliwa katika mlima Tshiaberimu kuishi na wenzao wa pori. Hesabuni wenyewe: ni miaka 15 ya kununua chakula na dawa na kulipa walinzi kila mwezi, hata wakati wa vita. Na Lwiro, upande wa Bukavu, tangu 2002 wanalea sokwe walionyang'anywa wawindaji na wauzaji.

Tunafurahi juu ya kazi hizo zote, wala hatuzionei wivu. Lakini tunaona neno moja: fedha zinapenda kufuata jina. Gorila ako na jina duniani kote. Anapigwa picha, analeta watalii. Mbwa wa Lac Vert haleti mtalii hata mmoja. Nani atamwandikia proje?

Hata hivyo wako watu waliojaribu. Huko Bukavu shirika dogo, Sauvons nos Animaux, liliweka nyumba ya kutunza mbwa, paka na wanyama wengine waliotupwa ao waliopigwa. Nyumba kama hiyo ni jambo la ajabu katika inchi yetu. Haikuanzishwa na serikali. Inaishi kwa michango ya watu wenye moyo na kwa misaada midogo ya mashirika ya ng'ambo.

Sasa tueleze kidogo namna misaada hiyo inavyotolewa, maana wengi wanafikiri ni kuandika barua moja na kungojea dola. Sivyo. Mfadhili anauliza karatasi ya serikali ya kuonyesha kwamba shirika linatambulika. Anauliza hesabu za miaka iliyopita. Anauliza namba ya benki, si ya mtu bali ya shirika. Anauliza raporo, mara nyingi kwa Kiingereza. Tena wafadhili wengi wanapenda kulipa kitu kinachoonekana kwenye picha: uzio, jengo, kibao chenye jina lao. Unga wa kila siku, sabuni, mshahara wa yule anayefagia kinyesi asubuhi, hivyo wanasema ni kazi yenu wenyewe. Basi unaweza kuona nyumba nzuri ya mabati mapya, na ndani mbwa wana njaa.

Na shirika dogo likitimiza yote hayo, bado iko shida ya kwetu. Kisha vita ya mwisho wa Januari 2025, benki za Goma zilifunga milango, na uwanja wa ndege vilevile. Hata mfadhili mwenye moyo mzuri angetuma fedha zipite wapi? Mwezi ule ule wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa inchi za nje, na kazi nyingi zilisimama, za watu na za wanyama. Tulijifunza kwamba nyumba inayokula kwa mfuko mmoja tu italala njaa siku mfuko ule unapofungwa.

Tunajua neno linalokuja sasa. Tulilisikia katika mkutano, na lilitoka kwa mwenzetu aliyelala mwaka mzima chini ya hema: « Watu wako nakufa na njala, na ninyi munalisha imbwa? » Hatuwezi kumcheka. Alikuwa hapa Mei 2024, bomu zilipoanguka kambini. Yeye ako na haki ya kuuliza kuliko sisi wote. Tunamjibu hivi, kwa upole. Hatuombi sahani ya mtoto apewe mbwa. Tunaomba makoko ya fufu yanayobaki kwenye sufuria na vichwa vya samaki vinavyotupwa. Na tunaomba chanjo, maana chanjo ya mbwa ni ulinzi wa mtoto.

Hapa sherti tuseme wazi. Raje ikisha kuonyesha dalili katika mtu, hakuna dawa, anakufa. Karibu watu wote wanaoipata wanaambukizwa na mbwa. Lakini wataalamu wamehakikisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Huko Pemba, kisiwa cha Zanzibar, walichanja mbwa. Ugonjwa ulirudi 2016, wakachanja tena, na 2018 ukaisha. Sumu haifanyi hivyo. Ukiua mbwa unayemjua, kesho nafasi yake itakamatwa na mbwa usiyemjua, ambaye hakuchanjwa. Tena sumu haichagui: itakula kuku wa jirani, na Mungu atuepushe, mtoto anayeokota kitu chini.

Basi, shauri letu ni hili.

Kwa wafadhili, kama gazeti hili litafika mbali: toeni kidogo, lakini kwa miaka mingi. Afadhali gunia moja la unga kila mwezi kwa miaka mitano kuliko jengo moja na sikukuu ya kulifungua. Lipeni mtu wa kazi, lipeni chanjo. Pokeeni raporo kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili.

Kwa wale wanaoomba misaada: hesabu zenu zibandikwe mlangoni, kila mtu azisome. Sisi sote tumekwisha kuona proje iliyokufa na gari iliyobaki kwa mkubwa. Ndiyo maana watu hawatuamini.

Kwa sisi wenyewe: tusingojee. Wanafunzi 300 wakitoa franka 100 kwa mwezi, ni franka 30.000. Haitoshi kujenga nyumba, lakini inanunua sabuni na unga, na sehemu itawekwa kwa ajili ya kumwita muganga wa mifugo. Tuchague wawili, msichana na mvulana, waandike kila franka katika daftari, na mwalimu wa biolojia atie saini. Mabanzi ya zamani yaliyo nyuma ya karakana yatafanya kibanda, mbali na njia ya watoto. Na kila mtu ajue hili: ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha kimbia kwa muganga siku ile ile. Usifiche kwa kuogopa kupigwa nyumbani.

Pengine siku moja mfadhili atafika. Hataona kibao. Ataona daftari la mwaka mzima na mbwa watano waliochanjwa. Na asipofika, tutakuwa tumekwisha kuanza.

Safina ya Nuhu haikubeba tembo na simba peke yao. Walioingia mule, wengi wao walikuwa wadogo.

Tunamwomba Bwana Prefe na walimu wasiruhusu sumu mbele ya mkutano ujao. Na yeye anayefikiri kwamba tumekosa, aandike. Ukurasa wa barua uko wazi kwake.

Sisi waandishi wa gazeti