Muulize namba kabla hujamfungulia moyo

DIRISHA LA JULES STREET
Na Asha Mbaruku

Cheti kilitundikwa ukutani kwenye fremu ya rangi ya dhahabu, juu kabisa ya kiti cha mshauri mwenye ofisi, kikiwa na muhuri mwekundu na neno "Daktari" kwa herufi kubwa. Nilikaa hapo na jirani yangu, mama wa Bukavu. Duka la mumewe lilivunjwa Septemba 2019, wiki ile ya vurugu dhidi ya wageni, magari ya kuuza yalipochomwa moto hapa Jules Street, Johannesburg, na tangu siku hiyo hajapata usingizi wa maana. Mkalimani wetu alikuwa binti yake wa miaka 11. Mama akisema kwa Kiswahili, mtoto anageuza kwa Kiingereza. Kila mama alipofika pagumu, mtoto alinyamaza kwanza, akatazama viatu vyake, kisha akasema maneno machache kuliko aliyoyasikia.

Kikao kiliisha kwa randi 500 na chupa ya mafuta ya kupaka. Jumapili iliyofuata mshauri huyohuyo alisimama madhabahuni akasimulia habari za "mama mmoja wa hapahapa Malvern aliyeporwa duka". Jina hakulitaja, wala hakukuwa na haja. Watu waligeuka kumtazama jirani yangu, mmoja baada ya mwingine.

Mimi ndiye niliyempeleka, na sikuuliza chochote. Tumelelewa kuona kwamba kumuuliza mtu mzima aliyevaa tai umesomea wapi ni kumkosea adabu. Fundi bomba tunamhoji mpaka atutajie nyumba tatu alizofanyia kazi. Anayeingiza mkono kwenye akili ya mtu tunampokea kwa shikamoo na kumkabidhi kila kitu. Adabu ya namna hiyo inatuumiza, na naomba tuiache.

Neno "mshauri" likiwa peke yake halina mwenyewe katika nchi hii ya Afrika Kusini. Yeyote aweza kuliandika mlangoni pake. Tazama tu vikaratasi vinavyobandikwa kwenye nguzo za Johannesburg: daktari fulani, profesa fulani, anarudisha mume, anaondoa mikosi, anatibu mawazo, na mara nyingi mtaalamu mwenyewe anajinadi kuwa katoka Tanzania au Uganda. Nchi zetu zimegeuzwa chambo cha kuvulia wenye shida, na wa kwanza kunasa ni sisi wenyewe, kwa kuwa tumesikia lugha ya nyumbani.

Lakini "mwanasaikolojia" na "mshauri aliyesajiliwa" ni majina yenye ulinzi. Nyuma yake ipo Sheria ya Taaluma za Afya, namba 56 ya mwaka 1974, na anayeyatumia lazima awe kwenye daftari la baraza la taaluma hizo, HPCSA, lililoko Pretoria. Namba ya mwanasaikolojia huanza na herufi PS, ya mshauri aliyesajiliwa PRC. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kamili, namba yake ni MP, na huyo ndiye anayeandika dawa, mwanasaikolojia haandiki. Maafisa ustawi wa jamii wana baraza lao. Daftari la HPCSA liko wazi kwenye intaneti, bure: andika jina la mtu, utaona kama yumo. Usajili hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha ukutani, hata kikiwa cha kweli, hakikwambii lolote kuhusu leo.

Kuna watakaosema huu ni urasimu wa makaratasi. Nawakumbusha: mwaka 2016 serikali ya mkoa huu wa Gauteng iliwatoa wagonjwa wa akili katika vituo vya Life Esidimeni na kuwasambaza kwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Ripoti ya Februari 2017 ya Profesa Malegapuru Makgoba, aliyechunguza vifo vilivyofuata, ilikuta mashirika yote 27 yakifanya kazi kwa leseni batili. Idadi ya waliokufa ilikuja kufika 144. Siwezi tena kulisikia neno "karatasi" likitamkwa kwa dharau.

Sina ugomvi na wachungaji wala masheikh. Mwaka ule wa 2019 walioleta sufuria za chakula na kukesha nasi walikuwa wao. Ila kukesha na mfiwa ni kazi moja, na kutibu kiwewe ni nyingine. Mwanasaikolojia wa tiba ana shahada ya uzamili, mwaka wa mafunzo kazini, mwaka wa kuhudumia umma na mtihani wa baraza. Akitoa siri yako nje, unapo pa kumshtaki. Asiye kwenye daftari lolote utamshtaki wapi?

Na wasio na fedha wasikate tamaa. Kituo cha CSVR cha Braamfontein, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimekuwa kikiwahudumia walioumizwa na vurugu na mateso, wakimbizi wakiwemo. Popote uendapo, dai mkalimani mtu mzima. Mtoto asibebeshwe usiku wa mama yake.

Jirani yangu alichukua miezi kukubali kwenda tena. Safari hii tulitafuta jina kwenye daftari kabla ya kupanda teksi. Tulipofika hakungoja hata kukaribishwa kiti. Aliuliza mwenyewe, kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi njia nzima: namba yako ni ipi? Dada mtaalamu tuliyemfuata hakununa. Alitoa kadi kwenye mkoba, akaiweka mezani na kuisogeza mpaka mbele yake. Mama akaisoma polepole, kidole kikifuata herufi, kisha akavuta kiti. Binti yake alikuwa shuleni.