Miaka 60 ya Atomu: Heko kwa Katuni Isiyo na Rangi

Tarehe 1 Januari 1963, saa kumi na mbili na robo jioni kwa saa za Tokyo, kituo cha televisheni cha Fuji kilirusha hewani kipindi cha kwanza cha Tetsuwan Atomu, hadithi ya mtoto wa chuma mwenye moyo wa binadamu. Kenya ilikuwa imebakiza miezi mitano ifike Madaraka, na mwaka haukuisha kabla ya Uhuru. Mwaka 2023 taifa letu na katuni ile vilitimiza miaka 60 pamoja.

Taifa lina wengi wa kulisemea. Sisi wa Ekalakala, kaunti ya Machakos, tunampa Atomu heko zake, na pamoja naye sanaa nzima ya katuni ya Kijapani ya rangi nyeusi na nyeupe iliyomzaa. Ni sanaa iliyotumikia umma wake kwa karibu nusu karne, katika tetemeko, uhaba na vita, na inastahili kutazamwa hapa Masinga kama inavyotazamwa kwao.

Mwanzo wake ni mwaka 1917. Wasanii watatu, Oten Shimokawa, Jun'ichi Kouchi na Seitaro Kitayama, walitoa filamu zao za kwanza mwaka huo mmoja, kila mtu akitafuta njia yake. Filamu ya Kouchi iitwayo Namakura Gatana ingalipo. Ina dakika chache tu. Samurai mmoja ananunua upanga, anajipiga kifua, kisha anavizia gizani ampate wa kuujaribia. Anamrukia mchua viungo kipofu, naye kipofu anamtupa chini. Anamrukia tarishi, mambo yanazidi kumharibikia. Upanga wenyewe ni butu. Mtoto yeyote wa shule ya msingi ataifuata hadithi hiyo bila kuambiwa neno.

Filamu hiyo ilidhaniwa imepotea kabisa hadi nakala yake ilipoonekana katika soko la vitu vya kale jijini Osaka, na habari zake zikatangazwa miaka ya 2000. Nyingi za rika lake hazikupata bahati hiyo. Tetemeko kuu la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 liliteketeza Tokyo, na studio ya Kitayama iliangamia pamoja na jiji. Kitayama akahamia Osaka. Wanafunzi na wenzake wakaanza upya.

Walianza upya mikono mitupu. Seluloidi angavu, ambayo Wamarekani walichorea wahusika wao, ilikuwa ghali mno kwa studio ndogo za Japani. Yasuji Murata akachukua mkasi na karatasi. Alikata kichwa, mkono, mguu, akavipanga chini ya kamera, akavisogeza kidogo, akapiga picha, akavisogeza tena. Noburo Ofuji naye alitumia chiyogami, karatasi ya mapambo ya jadi ya Kijapani, na mwaka 1927 akatoa Kujira, hadithi ya nyangumi. Kazi ya mikono yao ni safi kiasi kwamba mtazamaji wa leo husahau kuwa anatazama vipande vya karatasi. Sisi tunaotoka kaunti moja na Wamunyu, mahali ambapo Mutisya Munge aliasisi uchongaji wa vinyago vya Wakamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, tunaijua thamani ya fundi asiyengoja vifaa vya kifahari.

Kama kuna filamu moja ambayo tungependa kila mtoto wa Ekalakala aione kwanza, ni Kobu-tori ya Murata, ya mwaka 1929. Wazee wawili, kila mmoja ana uvimbe shavuni. Wa kwanza, mtu mpole, anakwama msituni usiku na kukutana na tengu, majini wenye pua ndefu, wakiwa katika ngoma. Anajitosa, anacheza kwa furaha, na majini kwa kupendezwa wanamwondolea uvimbe wake wauweke kama rehani ili arudi tena. Wa pili anasikia habari, anaingiwa na tamaa, anakwenda msituni na kucheza ovyo. Majini wanakasirika na kumbandika uvimbe wa mwenzake. Anarudi nyumbani ana miwili. Susu yeyote wa Ukambani angeisimulia hadithi hii jioni moja na wajukuu wangeapa kuwa ni yake.

Filamu hizo zilikuwa bubu, lakini hazikutazamwa kimya. Kando ya kitambaa cha sinema alisimama benshi, msimulizi aliyetoa sauti za wahusika wote, akaeleza kilichotangulia, akachekesha na akaliza. Watu walinunua tiketi kwa ajili ya jina la benshi kuliko jina la filamu. Tokugawa Musei alikuwa nyota mkubwa kushinda waigizaji wengi aliowasemea.

Jambo hili halihitaji kufafanuliwa kwa Mkenya. Mabanda yetu ya video yamelelewa na sauti ya DJ Afro, ambaye huchukua filamu ya mapigano ya Hong Kong au Hollywood na kuifanya iwe habari ya mtaani. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, ambaye jina lake hasa lilikuwa Derek Gaspar Mukandala. Kampala ina VJ Jingo. Wanaodharau kazi hiyo wakaiita uhuni wa mabandani wajue kuwa katika Japani ya miaka ya 1920 ilikuwa taaluma ya kuheshimiwa, na ndiyo iliyoifikisha sinema kwa watu wa kawaida. Afrika Mashariki imeifikia yenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Sauti iliyorekodiwa ilipoingia, mabenshi walipoteza kazi, na baadhi yao waligoma wakipinga. Mwaka 1933 Kenzo Masaoka alitoa katuni ya kwanza ya Kijapani yenye mazungumzo yaliyorekodiwa. Miaka kumi baadaye, katikati ya vita, alitoa Kumo to Churippu, dakika 16 ambazo kwa maoni yetu hazijapitwa na chochote kilichochorwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Buibui anamwimbia kidudu mdogo wa kike mwenye madoa mgongoni, akimvuta aje kwenye bembea ya utando wake. Kidudu anakimbilia ndani ya ua la tulipu. Buibui analizungushia ua nyuzi hadi likafungika. Ndipo dhoruba inashuka, na hapo Masaoka anaonyesha alichonacho: matone yanakimbia juu ya majani, upepo unainamisha mashina, kila uzi wa utando unang'aa kwa maji kabla ya kukatika. Hakuna bendera wala bunduki katika filamu hiyo, na ilitengenezwa mwaka 1943.

Tunasema pia lisilopendeza. Uso wa buibui huyo unafanana na ule uigizaji wa Kimarekani wa kumdhihaki mtu mweusi, na mtazamaji wa Kiafrika atauona mara moja. Tusiufiche. Mwalimu atakayeionyesha filamu hiyo awaeleze watoto mchoro huo ulitoka wapi, kisha waendelee kutazama mvua.

Vita vilileta filamu ngumu zaidi. Momotaro: Umi no Shinpei, iliyoongozwa na Mitsuyo Seo kwa agizo la jeshi la majini la Japani, ilitoka Aprili 1945. Ina dakika 74 na ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya nchi hiyo. Wanyama wanajeshi wanatua kisiwani, wanajenga kambi, na wanawafundisha wanyama wenyeji herufi za Kijapani kwa wimbo, hadi wenyeji wote wanaimba. Waliozaliwa chini ya ukoloni wanalijua darasa hilo. Magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalizunguka Kenya yakitufundisha kwa picha vilevile, kwa lugha ya bwana mwingine.

Na wazee wetu walikuwa upande wa pili wa filamu hiyo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw nchini Burma ikiwasukuma Wajapani nyuma, na mapema Desemba ikaingia Kalewa. Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles. Wakati Seo na wachoraji wake wakimchora Momotaro, shujaa wa filamu hiyo, akishinda kwenye kisiwa cha kubuni, vijana kutoka Machakos walikuwa matopeni, chini ya mvua za masika ya Asia, wakipigana na jeshi la nchi ileile iliyoagiza michoro hiyo. Kuiona filamu hiyo leo, Ekalakala, ni haki yetu kama warithi wa historia hiyo, na tuione tukiwa macho.

Japani ilishindwa muda mfupi baadaye. Filamu ilidhaniwa imechomwa hadi ilipopatikana ghalani miaka ya 1980. Lakini kabla ya kupotea ilikuwa imeshatazamwa na mvulana wa miaka 16 katika jumba la sinema la Osaka lililozungukwa na magofu ya mabomu. Hakushika propaganda yake. Alishika ustadi wake na matumaini aliyoyaona yamejificha ndani yake, akaapa kwamba siku moja atatengeneza katuni. Mvulana huyo ni Osamu Tezuka, na kiapo hicho ndicho tunachokiadhimisha miaka 60 ya kutimia kwake.

Katuni ya kila wiki ya nusu saa ilionwa kuwa ndoto. Fedha hazikutosha, wachoraji hawakutosha. Katuni za sinema zilizoea michoro 12 kwa sekunde au zaidi, na studio ya Tezuka, Mushi, ikashuka hadi minane na mara nyingi chini ya hapo. Mhusika alisimama tuli na mdomo tu ukasogea. Mchoro wa Atomu akiruka uliwekwa akiba na kutumiwa tena katika kipindi kingine. Palipokosekana mwendo, Tezuka aliweka hadithi: daktari anayeunda roboti kuziba pengo la mwanawe aliyekufa ajalini, kisha anamkana na kumuuza kwa sarakasi kwa sababu hakui, mtoto anayeokolewa na profesa mwingine na kujifunza kuwatetea binadamu wanaombagua. Vipindi 193 vilitolewa hadi tarehe 31 Desemba 1966, na karibu vyote ni vya nyeusi na nyeupe. Vilivuka hadi Marekani mwaka uleule wa kwanza.

Gharama ilikuwepo. Vipindi viliuzwa kwa hasara, wachoraji walikesha, na Mushi ilifilisika mwaka 1973. Heshima tunayompa Tezuka haiwezi kuwasahau wale waliochora hadi alfajiri kwa ujira mdogo, na tasnia ya katuni ya Japani bado inadaiwa jibu na wafanyakazi wake.

Kwamba tunaweza kuzungumza juu ya filamu hizi hata kidogo ni kazi ya wahifadhi. Maktaba ya filamu ya taifa ya Japani ilianza mwaka 1952 ndani ya Jumba la Sanaa za Kisasa jijini Tokyo, ikapanda hadhi mwaka 1970, na tangu 2018 inajitegemea kama Hifadhi ya Taifa ya Filamu. Mwaka 1984 moto uliunguza sehemu ya mkusanyo wake, na miaka miwili baadaye ghala jipya la kuhifadhia likafunguliwa Sagamihara. Karne ya katuni ilipotimia, mwaka 2017, taasisi hiyo iliweka filamu 64 za zamani kwenye intaneti zitazamwe bure. Namakura Gatana na Kobu-tori zimo. Mwenye simu katika soko la Ekalakala ana ufunguo wa ghala la Tokyo.

Wajibu uliobaki ni wetu. Tunawataka wenye mabanda ya video watenge saa moja ya Jumamosi mchana, kabla ya mpira kuanza, kwa ajili ya watoto. Taratibu zipo na zifuatwe: idhini iombwe kwa mwenye filamu, na kibali kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Tunawataka vijana wetu wenye vipaji vya kusimulia wakamate kipaza sauti na kuzisemea filamu bubu kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Kobu-tori ina dakika kama kumi na haina neno lililorekodiwa, inamngoja msimulizi. Walimu wanaofundisha sanaa katika Gredi ya 7, darasa lililofunguliwa mwaka 2023, wana somo zima katika mkasi wa Murata: karatasi, gundi, simu yenye kamera, na subira.

Nchi hii tayari ina mafundi wa kuongoza njia. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi na watoto wa nje wakaitazama. Kwame Nyong'o ametupa hekaya ya milima ya Ngong, na Ng'endo Mukii anaheshimika kimataifa. Kinachokosekana ni hifadhi. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, nayo kwa rangi nyeusi na nyeupe, na picha za miaka hiyo ya kwanza ni mali ya umma kama ilivyo mito na barabara. Tunaitaka serikali izitafute popote zilipo, izisafishe, na izifungulie wananchi bila malipo, kama Tokyo ilivyozifungulia filamu zake. Kaunti ya Machakos ianze na zake: ngoma, baraza, na mikutano ya hadhara iliyowahi kupigwa picha katika ardhi hii, pamoja na ujenzi wa Bwawa la Masinga, ambalo limekuwa likitoa umeme hapa jirani tangu 1981.