Kabla Hujalipia Hoteli ya Ufukweni, Muulize Mwenzako

Leo nataka tuongelee jambo ambalo marafiki zangu wengi wananiuliza wakikaribia kufunga ndoa, au wakitimiza miaka kadhaa ndani ya ndoa: "Shoga, tuna siku tatu tu na hela ya kuungaunga. Tufikie hoteli gani Zanzibar?"

Zamani nilikuwa najibu haraka haraka, natajia jina la hoteli na kuendelea na mambo yangu. Siku hizi sijibu hivyo tena. Nitakueleza kwa nini, hata kama mume wangu atanuna kidogo akisoma ukurasa huu. (Nimemwomba ruhusa, akasema "andika, ila usiweke picha.")

Mume wangu ni mtu wa Magole, kule Kilosa, ukishapita Morogoro kwenye barabara ya kwenda Dodoma. Agosti iliyopita tulikuwa tunatimiza miaka sita ya ndoa. Mwaka mzima tulikuwa tunatia hela kwenye kibubu, na mimi nikajipa kazi ya kuchagua hoteli. Nikasema itakuwa sapraizi. Nilikesha na simu naangalia picha: bahari ya bluu, mnazi umeinama, kitanda kina shuka jeupe. Nikalipa nusu ya gharama, ile hela ambayo ukighairi hairudi. Baada ya kulipa ndipo nikamwambia. Akajibu "sawa, mke wangu." Nikaona ameridhika.

Watoto tuliwapeleka Magole kwa bibi yao. Mama mkwe alipoambiwa tunakokwenda akacheka mpaka akashika kiuno: "Yaani mnaenda kulipa hela mkaangalie maji? Wenzenu huku maji tuliyakimbia!" Nikacheka na mimi. Mume wangu hakucheka, na sikulitilia maanani.

Alfajiri tukapanda basi hadi Morogoro, kisha treni ya SGR. Tangu ianze safari za abiria mwaka 2024 imeturahisishia sana sisi watu wa bara, maana kutoka Morogoro hadi Dar hufikishi saa mbili. Kutoka pale ni boti, saa mbili nyingine kwa kukadiria, unashuka Malindi mjini Unguja. Halafu teksi hadi pwani ya mashariki, zaidi ya saa moja. Tukafika hotelini karibu saa kumi jioni.

Jamani, ilikuwa kama kwenye picha! Maji yamejaa hadi kwenye ngazi za bustani. Nikavaa nguo ya kuogelea niliyoinunua kwa siku hiyo tu, nikamwambia twende. Eti ana mafua. Mafua ambayo kwenye treni hayakuwepo! Akakaa kwenye kiti na viatu vyake mguuni, amekunja mikono. Niliogelea peke yangu, na usiku tukala tukiwa kimya kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Nilienda kulala nikiwaza kama huyu mtu bado ananipenda.

Asubuhi nikaamka na matumaini mapya. Saa nne nikafungua pazia. Bahari haipo! Nakuambia ukweli, haipo. Mchanga, matope, vidimbwi, na kwa mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Nikaenda mapokezi nimefura. Yule dada akanijibu kwa upole wa Kiunguja: "Usijali dada'angu, maji yamekupwa tu. Jioni yatarudi." Nikarudi nikiwa na hasira ya mtu aliyelipia bahari akapewa kiwanja.

Mume wangu sikumkuta chumbani. Nilimwona kwa mbali katikati ya kile kiwanja, suruali imekunjwa hadi magotini, ndala mkononi, anatembea kama mtoto. Nilidhani ananikebehi.

Nilipomfikia nikaanza kulalamika kuhusu hoteli, picha na hela yetu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Mama, mimi hapa ndipo nimepumua."

NILICHOKUWA SIKIJUI

Januari 2014 mafuriko yaliipiga Magole. Wengi mtakumbuka, maana daraja la pale liliharibika na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika, mabasi yakakwama. Mume wangu alikuwa nyumbani siku ile. Stori ya mafuriko nilishaisikia mara nyingi, lakini yeye husimulia kipande kimoja tu, kile cha jogoo aliyekaa juu ya paa siku nzima anawika. Kila mtu hucheka. Siku ile kwenye mchanga alinisimulia kipande kingine: kumbeba mdogo wake mgongoni, maji yamemfika kifuani, na kutojua hatua inayofuata ataikanyaga wapi. Tangu siku hiyo hapendi maji yanayomzidi magoti.

"Mbona hukuniambia kabla sijalipa?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Na hukuniuliza. Uliniambia."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimelinganisha mashuka, vifungua kinywa na nyota za hoteli. Mtu wa kulala naye kwenye hayo mashuka sikumuuliza hata swali moja.

Tukaendelea kutembea. Tukawakuta akina mama wa mwani, wameinama kwenye mashamba yao: vigingi vimesimikwa mchangani, kamba zimevutwa katikati, vipande vya mwani vimefungwa kama miche. Mume wangu, mtoto wa mkulima, akapata wenzake. Akauliza kila kitu. Akaambiwa mwani hukua kwa kama wiki sita hadi kuvunwa, kila shamba lina mwenyewe na mipaka yake inajulikana, na kazi kubwa hufanyika siku za bamvua, maji yanapokwenda mbali. Yaani jambo lililoniharibia asubuhi ndilo linalowapa wao kazi. Hiyo ndiyo saa tuliyocheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Magole.

SASA TUJE KWENYE HOTELI

Baada ya safari ile nilianza kuuliza wenyeji na kujifunza. Haya ndiyo ninayowaambia marafiki zangu sasa.

Kwanza, bahari yetu inatembea. Majarida ya nje hutufundisha kuchagua hoteli za visiwa vya Karibi, Barbados na Jamaica huko. Kule maji hupanda na kushuka kidogo tu, kwa hiyo bahari uliyoiona asubuhi ndiyo ya jioni. Kwetu Unguja, siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ushauri wa kule ukiuleta hapa utakuangusha kama ulivyoniangusha mimi.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, Kiwengwa na Matemwe, ina miamba ya matumbawe mbali kidogo na nchi kavu, na katikati bahari ni kina kifupi. Maji yakipwa, unabaki na uwanja mpana. Ukipenda kutembea, kuangalia mwani, au kama mmoja wenu anaogopa kina, hapa ni pazuri mno. Vaa viatu vya plastiki tu, kuna viumbe wenye miiba. Paje pia ni pa vijana wanaoteleza majini kwa tiara kubwa za upepo.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayakimbii mbali, unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Ila kuna watu wengi na muziki wa usiku. Kama mmechoka na kelele za mjini, jiulizeni kama mnataka kuzifuata huko.

Magharibi, karibu na mji, kuna sehemu kama Mbweni na Bububu. Kwa wenye usiku mbili tu ni jambo la busara: hampotezi muda kwenye teksi, jioni mnakwenda Forodhani kula urojo, na asubuhi mnazunguka Mji Mkongwe. Jua pia linazama mbele yenu. Kule mashariki ukitaka machweo juu ya maji, nenda Michamvi upande wa Kae.

Pili, angalia mwezi. Hili bibi zetu wa pwani walilijua bila simu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: kwa kukadiria, Unguja maji huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na yamejaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana. Kwa hiyo hoteli ileile, chumba kilekile, wiki mbili tofauti, ni likizo mbili tofauti.

Tatu, angalia upepo na mvua. Juni hadi Septemba ni kusi, kuna ubaridi kidogo na pwani ya mashariki hupigwa na upepo. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto na wageni wengi, na bei hupanda. Aprili na Mei ni masika. Bei hushuka, lakini hoteli nyingine hufunga kabisa, kwa hiyo piga simu kwanza.

MASWALI YA KUPIGA SIMU

Usilipie picha. Piga simu, ongea na mtu, uliza haya:

Bei ya wakazi ni kiasi gani, na mnataka kitambulisho gani? Hoteli nyingi zina bei tofauti kwa Watanzania, lakini usipouliza hawatakuambia.

Bei hiyo ni ya mtu au ya chumba? Kodi zote zimo ndani? Kifungua kinywa kimo? Chakula cha usiku je? Hoteli ikiwa mbali na kijiji, utakula pale pale kwa bei yao, upende usipende.

Kutoka chumbani hadi majini ni hatua ngapi, na tarehe zetu maji yatajaa saa ngapi? Hoteli ya ufukweni ikishindwa kujibu swali hili, mimi ningetafuta nyingine.

Tukighairi, hela inarudi? Hadi siku ngapi kabla? Waombe wakuandikie kwa ujumbe, maneno matupu hayana risiti.

Halafu hesabu saa, usihesabu usiku. Mtu wa Magole au Kilosa anayekwenda usiku tatu hutumia siku mbili nzima njiani. Chagueni sehemu moja mtulie. Ukitaka Nungwi, Paje na Mji Mkongwe zote kwa siku tatu, likizo yako utaifanyia ndani ya teksi.

NA SWALI LA KUMUULIZA MWENZAKO

Hili halina simu. Liulize usiku mmetulia, kabla hela haijatoka: "Ukifika baharini, unataka kufanya nini?" Kisha nyamaza usikilize. Labda yeye anataka kulala tu. Labda hajui kuogelea na anaona aibu kukiri. Labda ana wasiwasi wa hela na anaogopa kukuvunja moyo. Labda anatamani ile hela ikajenge choo cha mama yake kijijini, na hilo nalo mliongee mapema, msije mkaligombania kwenye kitanda cha shuka jeupe.

Sapraizi ni tamu, sikatai. Mfanyie sapraizi ya keki, ya kanga, ya chakula cha jioni. Ila jambo linalokula akiba ya mwaka mzima ni la wawili. Mtu anayeitikia "sawa, mke wangu" huenda amekubali, na huenda amekuachia tu. Ni juu yako kujua ni ipi.

Siku yetu ya mwisho kwenye ile hoteli, mchana, maji yalianza kurudi polepole. Tulisimama palepale mchangani tukayangoja. Yakafika vidoleni, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakapanda. Mume wangu alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Yalipomfika magotini akasema, "Basi, hapa panatosha." Tukarudi tukakaa kwenye ngazi tunayaangalia, tukala machungwa.

Tulipofika Magole kuchukua watoto, mama mkwe akauliza, "Haya, mmeyaona maji?" Mume wangu akamjibu, "Tumeyaona, mama. Na safari hii yalikuja kwa adabu."

Mwaka huu tena tumeanza kibubu. Hoteli bado hatujachagua, tunabishana. Yeye anataka kurudi kulekule kwenye mwani, mimi nataka Kendwa nikaogelee. Mpaka sasa hakuna aliyesema "sawa" kwa haraka, na nalala kwa amani.

Wewe je, mara ya mwisho ulimuuliza mwenzako anataka nini? Muulize leo. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.