Nukta inayowakwaza wanafunzi wa Hisabati

MWAKA 2027 shule za msingi nchini Tanzania zinatarajiwa kutoa wahitimu wa madarasa mawili kwa mkupuo mmoja, darasa la sita na darasa la saba. Hayo ni kwa mujibu wa utaratibu uliotangazwa na Serikali baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, kufupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita.

Mjadala kuhusu mwaka huo umehusu zaidi vyumba vya madarasa, madawati na idadi ya walimu. Ni hoja za msingi. Lakini liko swali jingine ambalo halihesabiwi kwa matofali: watoto hao wataingia kidato cha kwanza wakiwa wameelewa nini katika Hisabati?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hujifunza Hisabati kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari somo hilohilo hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyeelewa kwa lugha anayoizungumza nyumbani kwa nini 0.4 ni kubwa kuliko 0.35, hawezi kutarajiwa kuelewa kwa lugha ambayo bado anajifunza. Katika mitihani ya kidato cha nne ya mwaka 2021 na 2022, mtahiniwa mmoja tu kati ya takriban watano alifaulu Hisabati. Ni vigumu kuamini kwamba anguko hilo lilianzia kidato cha nne.

Mada mbili za madarasa ya juu ya shule ya msingi zinastahili kuangaliwa kwa karibu: thamani ya nafasi katika desimali, na maswali ya mafumbo.

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500. Saa ya umeme ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi rasmi ikaandikwa 3:32.2, kwa kukadiria hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Mwanafunzi akiulizwa ipi kubwa kati ya 32.16 na 32.2, yuko atakayejibu bila kusita kuwa ni 32.16, kwa kuwa 16 inaizidi 2.

Kosa hilo linafahamika kwa watafiti wa ufundishaji wa Hisabati katika nchi nyingi. Mtoto huzisoma tarakimu zilizo kulia kwa nukta kana kwamba ni namba nzima inayojitegemea. Haoni kuwa 2 ile ni sehemu mbili za kumi, yaani sehemu ishirini za mia, ilhali 16 ni sehemu kumi na sita za mia tu.

Kwa Kiswahili kosa hili hupewa nguvu na namna namba zinavyosomwa hadharani. Ni jambo la kawaida kumsikia mtangazaji akisoma 4.25 kuwa "nne nukta ishirini na tano". Usomaji unaofaa ni "nne nukta mbili tano", kwa sababu hapo hakuna ishirini yoyote. Mtoto anayesikia "nukta ishirini na tano" jioni, na asubuhi akaambiwa kuwa 4.3 ni kubwa zaidi, ana haki ya kushangaa.

Yapo pia mabadiliko ya maisha yenyewe. Kizazi kilichokua na senti mfukoni kilijua bila kufundishwa kwamba shilingi 1.50 ni shilingi moja na nusu. Leo sarafu ndogo inayotumika ni ya shilingi 50, na mtoto anayetumwa dukani hakutani na desimali katika fedha. Anakutana nayo kwenye risiti ya LUKU, kwenye kipimajoto zahanati, na kwenye mizani ya kidijiti buchani.

Buchani ndipo jambo linapojidhihirisha. Mtoto yuleyule anayejua kabisa kuwa nusu kilo ya nyama ni zaidi ya robo, anaweza kurudi darasani akaandika kuwa 0.25 ni kubwa kuliko 0.5. Maarifa anayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kuwa daftari na mizani vinasema kitu kimoja.

Kanuni za mkato nazo huongeza tatizo. "Ukizidisha kwa kumi, ongeza sifuri" ni kauli inayofaa kwa 25, lakini ikipelekwa kwa 2.5 huzaa 2.50, ambayo ni namba ileile.

Kwa upande wa mafumbo, pengine jina lenyewe linachangia. Fumbo ni kitu cha kubahatisha, na watoto wengi huyaendea maswali haya hivyo: hutafuta namba, hutafuta neno la kuwaongoza, kisha hukokotoa. Wakiona "jumla" hujumlisha, wakiona "alibakiwa" hutoa. Swali kama "Asha alibakiwa na machungwa 14 baada ya kugawa 9; awali alikuwa na mangapi?" huwanasa papo hapo.

Tabia hiyo si ya Tanzania peke yake. Mwaka 1979 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza wanafunzi wadogo umri wa nahodha ambaye merikebu yake ina kondoo 26 na mbuzi 10. Kati ya wanafunzi 97, 76 walitoa jibu kwa kuzitumia namba hizo.

Nchini Marekani, vijana wa miaka 13 katika tathmini ya kitaifa ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983 waliulizwa mabasi mangapi yanahitajika kubeba askari 1,128, kila basi likichukua 36. Takriban asilimia 70 waligawanya vizuri. Waliojibu mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu, na asilimia 29 waliandika "31, baki 12". Konda yeyote wa daladala angewauliza hao 12 wanabaki kituoni na nani.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni mazoezi zaidi: twisheni, mitihani ya majaribio kila wiki, na vitabu vya maswali ya miaka iliyopita. Mazoezi ni ya lazima, lakini mtoto anayerudia njia isiyo sahihi mara hamsini huishia kuizoea.

Mtihani nao una sehemu yake. Tangu mwaka 2012 majibu ya darasa la saba yamekuwa yakisahihishwa kwa mashine, na Hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Baadaye Baraza la Mitihani lilirejesha maswali machache yanayomtaka mtahiniwa aonyeshe njia. Huo ni mwelekeo sahihi, ingawa bado ni mdogo, kwa kuwa herufi iliyotiwa kivuli haimwambii mwalimu mtoto alifikiri nini.

Katika darasa la wanafunzi 80 mwalimu hawezi kusahihisha kila daftari kila siku. Anaweza, hata hivyo, kuchora mstari sakafuni kutoka 0 hadi 1 na kuwataka watoto wasimame penye 0.4, 0.35 na 0.125, kisha kila mmoja ajitetee kwa wenzake. Anaweza kutoa fumbo lisilo na namba hata moja na kuwauliza watachukua hatua gani, au kuwataka wakadirie jibu kabla ya kushika kalamu. Mafumbo matatu yaliyojadiliwa hivyo kwa kipindi kizima yana faida kuliko thelathini yaliyonakiliwa ubaoni, na gharama yake ni kipande cha chaki.

Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 ndio wa kwanza kufika mwisho wa safari hiyo wakiwa na mwaka mmoja pungufu. Wenzao wa darasa la saba watakaomaliza nao walipata nafasi ya kurudia desimali kwa mwaka mzima zaidi. Mwaka 2028 wote watapangwa kidato cha kwanza, mbele ya mwalimu mmoja wa Hisabati, naye atawafundisha kwa Kiingereza.